Kwa vijana mnaouza chakula barabarani Nakuru

Wajukuu wangu,

Nawaandikia nyinyi mnaosukuma matoroli Kenyatta Avenue, mnaosimama na majiko Bondeni na Kaptembwo, na nyinyi ambao bado mko nyumbani mkitafuta cha kuuza. Kila nikipita naona toroli ni lilelile: smoki (zile soseji), mayai ya kuchemsha, kachumbari. Siwalaumu, maana mtaji wake ni mdogo na mteja anakijua anachonunua. Lakini mkiwa ishirini kwenye barabara moja na bidhaa ni moja, mnagombania mfuko mmoja, na bei inashuka mpaka mtu anarudi nyumbani bila hata pesa ya makaa.

Na huku mji wetu umejaa mapishi ambayo hamjayagusa. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na watu wakaifuata kutoka kila upande. Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wakalenjin, Wanubi, Wahindi, kila mmoja alikuja na chungu chake. Chapati ambayo leo haikosekani kwenye harusi wala Krismasi ya nyumba yoyote hapa tulifundishwa na Wahindi. Mutura, ile soseji ya kienyeji ya utumbo, ni wa Wakikuyu, ila simameni jioni pale unapokatwa vipande juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni, mwangalie mikono inayonyooshwa. Hakuna anayeulizwa kwao ni wapi.

Desemba 2021, mwezi uleule Nakuru ilipofanywa jiji, UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kuwa mfano bora wa kuhifadhi urithi. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007. Wanasayansi na viongozi wa jamii waliorodhesha mimea ya asili ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji, na hata watoto wa shule za msingi wakashirikishwa kuandika vyakula vya kwao. Walifanya hivyo kwa sababu watu walikuwa wameanza kuviona kuwa vyakula vya maskini na washamba. Nyinyi ndio mnaoweza kuifuta aibu hiyo, kwa sababu kijana mwenzenu atakula anachoona kinauzwa na kijana, tena kinauzwa kwa fahari.

Anzeni na uji wa wimbi uliochachuka. Wakikuyu wanao, Wakisii wanao, Wakalenjin na Wajaluo vilevile, kwa hiyo hakuna mteja atakayeuona mgeni. Unga wa wimbi, ukipenda na mtama kidogo, unakorogwa na maji ya vuguvugu, unafunikwa kwa kitambaa safi na kuachwa siku mbili, au tatu ikiwa ni baridi yetu ya Julai. Ukiona vipovu vinapanda na harufu ya uchachu inakupiga puani, uko tayari. Chemsha maji kwanza, kisha mimina mchanganyiko huo kidogo kidogo huku mwiko hausimami, na usiepue mpaka ladha ya unga mbichi iishe kabisa. Najua wengine mnatia asidi ya dukani ili uji uchachuke siku hiyohiyo. Tafadhali acheni. Aliyelelewa na uji huu atakugundua kwa funda la kwanza na hatarudi tena. Sukari iwe pembeni, mteja ajitilie. Kando wekeni nduma na viazi vitamu vya kuchemsha. Watu wa bodaboda wako steji kabla jua halijachomoza, na tumbo tupu. Wafikieni hapo kabla ya mandazi kuwafikia.

Mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, ni habari nyingine, na nisingependa kila mtu aiguse. Maziwa yanachemshwa na kupoa, kibuyu kinasuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, kisha maziwa yanakaa humo siku kadhaa. Mkaa wa jikoni hautoi ladha ile, na kibuyu kisichosafishwa sawasawa kinaweza kumdhuru mnywaji. Asiyefundishwa na mama wa Kikalenjin asiiuze.

Sisemi msibuni. Chinsaga, mboga ya majani ya Wakisii, ikichemshwa muda wa kutosha, ikatiwa maziwa kupunguza uchungu, halafu ikakunjwa ndani ya chapati moto pamoja na omena, dagaa wa Wajaluo, iliyokaangwa ikakauka vizuri, hicho ni chakula cha kushika mkononi na kuondoka nacho. Jamii tatu tofauti zimo ndani yake. Ila kila kimoja kipikwe kama wenyewe wanavyokipika. Omena ikiwa na mchanga au chinsaga ikiwa chungu, mteja hatasema wewe ndiye uliyekosea. Atasema chakula cha Wakisii ni kibaya, na atawaambia wenzake.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo hasa. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha vilijaa watu waliofukuzwa makwao, watu tuliokuwa tukiombana chumvi. Sitaki kuona tena mji huu ukigawanyika, hata kwa jambo dogo kama pa kuegesha toroli. Andikeni chakula kimetoka kwa nani, mjivunie, lakini toroli lisiwe bendera ya kumfukuzia mwenzako. Mwenye mutura, mwenye omena na mwenye uji wakae ubavu kwa ubavu, wawe na chama kimoja cha akiba, na mmoja akiugua wenzake wamuuzie.

Mambo ya serikali mnayajua. Leseni ni ya kaunti, na cheti cha afya cha anayeshika chakula kinafanywa upya kila miezi sita. Kiwe mfukoni kabla askari wa kaunti hajakiuliza. Muwe na ndoo yenye mfereji ya kunawia, na mafuta yakishageuka meusi yasirudi kwenye karai.

Kisha wafikirieni wanaowafundisha. Nyanya zenu na mashangazi zenu wamepika maisha yao yote bila mtu kuwahesabia kuwa ni kazi. Wengine wanaishi peke yao Rhonda na Langa Langa, na kodi inawashinda. Ukienda kwa mama kujifunza chinsaga, usiondoke na ujuzi wake ukampa asante tu. Kaeni mkubaliane kabla hujauza sahani ya kwanza: apate fungu la mauzo kila mwezi, au aje siku moja ya wiki asimamie sufuria kwa ujira. Mapishi yaandikeni kwenye daftari, jina lake mwanzoni akiridhia. Daftari likae kwake, nyinyi mchukue nakala.

Ni mimi nyanya yenu,
Bondeni, Nakuru