Mdogo wangu, mrudishie mwanetu kitabu cha joka

Mdogo wangu mpendwa,

Nimesikia umemnyang'anya mwanetu kitabu kwa sababu ya joka lililochorwa kwenye jalada. Nakuelewa. Tumelelewa na Ufunuo sura ya 12, ambamo joka ni Shetani mwenyewe. Lakini kitabu hiki nimekisoma chote, naomba unisikilize.

Kinaitwa My Father's Dragon, cha Mmarekani Ruth Stiles Gannett, kilitoka mwaka 1948. Joka wake ni mtoto. Alianguka kutoka kwenye wingu, akaumia bawa, na wanyama wa kisiwani wakamfunga kamba kando ya mto awe kivuko chao. Wanambebesha mizigo inayomzidi, na akilalamika wanampiga na kumpopotoa mabawa. Nilipofika hapo niliwaza mabinti wadogo wanaoletwa mjini kufanya kazi za ndani, nikashindwa kuendelea kwa muda.

Anayekwenda kumwokoa ni mvulana, Elmer. Hana upanga wala uchawi. Kwenye mzigo wake mna bablishi, pipi za kijiti, mswaki na dawa ya meno, kitana, riboni za nywele, rababendi, kisu cha kukunja. Karibu vyote utavipata dukani kwa Mangi!

Mimi napenda zaidi habari ya kifaru. Amemkuta Elmer kwenye kidimbwi chake cha kulilia, anataka kumzamisha. Katikati ya vitisho hivyo mtoto anamuuliza: unalilia nini? Kumbe ni pembe yake. Ujanani ilikuwa nyeupe kama lulu, sasa imekuwa ya kijivu na chafu, anaona aibu. Elmer anatoa mswaki na dawa ya meno, anasugua kidogo, panang'aa. Kifaru anaendelea kusugua mwenyewe, hana habari naye tena. Simba naye, mwenye manywele yaliyosokotana, anaogopa mama yake atamkuta vile. Huyo anapewa kitana na riboni.

Ni kweli, Elmer anawadanganya chuimilia: anawaambia bablishi wakiitafuna ikageuka kijani, waipande, itaota nyingine. Hapo zungumza na mwanetu, una haki. Ila usimnyime kitabu kizima kwa hilo, wala kwa picha ya jalada.

Kama bado una wasiwasi, leo usiku msomee sura ya kifaru, umtazame usoni, kisha unipigie. Hadithi inaendelea katika vitabu vingine viwili, cha 1950 na cha 1951. Nikivipata nitakuja navyo.

Dada yako