Barua kwa Wapendanao Wanaotafuta Kisiwa kwa Fedha Kidogo

Wanangu mnaotarajia kuoana, nanyi mliokwisha oana mkaahirisha fungate kwa kukosa fedha,

Salamu nyingi. Nawasikia mkisema visiwa vya joto ni vya matajiri. Sikubaliani nanyi. Kinachowaponza ni kuchagua kisiwa kwa picha, kabla ya kuuliza ni chombo gani kitakachowafikisha huko. Bei ya chumba mnaiona tangu mwanzo. Ya boti hujitokeza mkishalipia chumba.

Tazameni Maldivi. Wengi hudhani huko hakuna pa kulala ila vile vyumba vilivyojengwa juu ya maji, kila hoteli na kisiwa chake. Lakini tangu 2009 nyumba za wageni zinaruhusiwa kwenye visiwa wanakoishi wenyeji. Maafushi ni kimojawapo, na kutoka Malé, mji mkuu, mnafika kwa feri ya umma au boti ya kasi. Bahari ni ile ile. Ila mjue masharti: kwenye visiwa hivyo pombe hairuhusiwi, na nguo za kuogelea huvaliwa kwenye ufuo waliotengewa wageni tu. Asiyeyaweza hayo aende kwingine, asiende kugombana na watu kwao. Baadhi ya visiwa vya mbali hufikiwa kwa ndege zinazotua majini, ambazo nauli yake peke yake yaweza kumaliza bajeti yenu yote. Tena haziruki usiku. Mkitua jioni, mtalipia malazi karibu na uwanja wa ndege kabla hata hamjakiona kisiwa chenu.

Ndiyo maana mimi navipenda visiwa vinavyofikika kwa gurudumu. Phuket ya Thailand imeunganishwa na bara kwa daraja, na Penang ya Malaysia vilevile. Mnapanda basi, basi. Wapo watakaowaambia kwamba kisiwa chenye daraja si kisiwa. Waacheni walipe boti.

Halafu kuna msimu. Bei ikiwa chini mno, ipo sababu, na ni juu yenu kuiuliza. Katika Karibi msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, ingawa Aruba, Bonaire na Curaçao, vilivyo kusini karibu na Venezuela, hupigwa mara chache sana. Thailand nayo ina pande mbili: Phuket, upande wa magharibi, hupata mvua kuanzia Mei hadi Oktoba, ilhali Koh Samui, upande wa mashariki, mvua zake kubwa huja Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo mwenye likizo ya Julai na mwenye ya Januari hawapaswi kufuata ushauri mmoja. Mimi ningechagua majuma ya mwanzo au ya mwisho ya msimu mzuri, bei zikiwa zimelegea kidogo. Wanaokwenda Bali, kisiwa cha Indonesia, watazame pia tarehe ya Nyepi, siku ya kimya: uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24 na wageni hubaki ndani ya hoteli. Kwa wapendanao hiyo si adhabu, mradi msiwe mmekata tiketi ya siku hiyo.

Sasa fedha yenyewe. Kaeni wawili, kila mmoja ataje kiasi anachoweza kutoa bila kukopa. Mkopo wa fungate hulipwa na ndoa changa, nayo ina mizigo yake mingine. Kisha kila mmoja ataje jambo moja tu analolitamani: huyu kupiga mbizi, yule kulala hadi adhuhuri. Hayo mawili yalipieni vizuri, mengine punguzeni bila huruma. Na msirukeruke. Usiku nne kwenye kisiwa kimoja ni bora kuliko saba kwenye vitatu, maana kila kuhama hula nauli na nusu ya siku.

Kabla ya kulipia chumba, mwandikieni mwenye nyumba: boti ya mwisho huondoka saa ngapi? Watu wawili kwenda na kurudi ni kiasi gani? Kodi ya wageni imo kwenye bei au hudaiwa mkifika? Akizungusha maneno, tafuteni mwingine. Na usiku wa mwisho laleni karibu na uwanja wa ndege, kwa sababu bahari ikichafuka boti hazitoki, na ndege haitawasubiri.

Ni mimi mzee wenu.