Yah: Malalamiko kuhusu kiti cha kupigia magoti nilichoshauriwa kununua badala ya kiti cha kawaida cha mezani

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua kiti cha kupigia magoti, yaani kile chenye kikalio kilichoinama mbele na mito ya kuwekea magoti na miundi, kwa ushauri wa maandishi nilioupata kwa mshauri wenu wa mauzo. Kabla ya barua hii nimekwisha kuwaandikia mara mbili kwa ufupi, na mara zote mbili nimejibiwa kwa maneno yale yale, kwamba kiti hakina hitilafu ya kiwandani na kwamba kukipenda au kutokipenda ni hiari ya mteja. Sasa naandika kwa kirefu kwa sababu jibu hilo linajibu jambo ambalo sikuliuliza. Sijasema popote kwamba kiti ni kibovu. Mbao zake ni imara, kitambaa kimeshonwa vizuri, na bolti zote nane ziliingia mahali pake bila kulazimishwa. Ninacholalamikia ni ushauri: niliwapa vipimo vyangu vyote kabla ya kulipa, mkavipokea, kisha mkaniuzia kitu ambacho vipimo hivyo hivyo vilikuwa vikikikataa.

Naomba nikumbushe nilichowaandikia siku ile. Kazi yangu ni kuhariri miswada, na hukaa mezani saa saba hadi nane kwa siku. Kimo changu ni sentimita 188 na uzito wangu kilo 97. Meza yangu ni ya mbao nzito, ina sentimita 74 kutoka sakafuni, na miguu yake haipandi wala haishuki. Goti langu la kushoto lilipasuliwa miaka sita iliyopita baada ya gegedu kuchanika, na hadi leo halivumilii kukunjwa kwa muda mrefu. Kiti changu cha zamani, cha kawaida tu chenye egemeo na magurudumu, kilikuwa kinaniletea maumivu ya kiuno kila ilipofika alasiri, ndiyo maana nikaanza kutafuta mbadala. Nilitaja vitu vinne nilivyokuwa nikivifikiria: mpira mkubwa wa mazoezi, kiti chenye umbo la tandiko la farasi, stuli ndefu ya kuegemea huku mtu akiwa nusu amesimama, na hicho cha kupigia magoti. Nikamalizia kwa swali ambalo bado ninalo katika barua pepe yangu: "Kati ya hivi, kipi kinaweza kushika nafasi ya kiti changu kwa siku nzima ya kazi, au hakuna?" Hayo maneno mawili ya mwisho niliyaandika kwa makusudi. Ningeambiwa kwamba hakuna, ningeshukuru na kubaki na fedha zangu.

Mshauri wenu alinijibu kesho yake kwamba kiti cha kupigia magoti kinawafaa watu wa kila kimo, kwamba kinauondolea mgongo mzigo wote, na kwamba naweza kukikalia kuanzia asubuhi hadi jioni. Goti langu hakuligusia hata kwa neno moja, na meza hakuitaja kabisa.

Kiti kilifika, nikakiunga mwenyewe, na saa ya kwanza, nakiri, ilikuwa nzuri. Mgongo ulinyooka wenyewe bila kujilazimisha, nikafikiri nimepata dawa. Siku ya tatu jioni nilipopandisha suruali kuangalia kinachoniwasha, nilikuta miundi yote miwili ina alama nyekundu pana kama kiganja, na ndani ya alama hizo mistari ya ufumaji wa kitambaa chenu imejichora wazi kiasi kwamba ningeweza kuihesabu. Wiki ya pili goti la kushoto lilianza kuvimba kwa ndani. Kushuka kitini kukawa shughuli ya hatua tatu: kushika ukingo wa meza, kuutoa mguu wa kulia, kisha kuuvuta wa kushoto taratibu kama mtu anayeutoa matopeni. Kila simu ilipoita upande wa pili wa meza nililazimika kurudia mchezo huo, kwa kuwa kiti hakizunguki, na miguu ikiwa imefungiwa chini huwezi kujisogeza hata kidogo. (Mwanangu wa miaka mitano, kwa upande wake, amekipenda sana. Lakini yeye hukipanda kama farasi, na hana miswada ya kuhariri.)

Nimejaribu kuelewa kwa nini jambo lililoanza vizuri liliharibika haraka namna hiyo, na jibu si gumu kwa mtu anayeuza viti kila siku. Kiti cha kawaida humkunja mtu nyonga kwa pembe ya nyuzi 90 hivi. Mapaja yakifika hapo, misuli ya nyuma yake huvuta fupanyonga kurudi nyuma, na kiuno hupoteza mbonyeo wake wa asili. Daktari Keegan wa Marekani alilionyesha hilo mwaka 1953 kwa picha za eksirei za watu katika mikao mbalimbali, akaona kwamba uti wa mgongo hukaribia umbo lake la asili pale kiwiliwili na mapaja vinapofanya pembe ya nyuzi 135 hivi. Kiti chenye kikalio kilichoinama mbele huifungua pembe hiyo, na mito ya chini humzuia mkaaji asiteleze. Ndilo wazo ambalo Hans Christian Mengshoel na wabunifu wenzake wa Norwei, akiwemo Peter Opsvik, walilifanyia kazi hadi viti vya namna hii vikajulikana tangu mwaka 1979. Sina ugomvi na wazo hilo.

Lakini kuuondolea mgongo mzigo si kuufanya mzigo upotee. Sehemu ya uzito uliokuwa ukibebwa na makalio huhamia kwenye miundi na magoti, na goti hukaa limekunjwa muda wote huo bila nafasi ya kujinyoosha. Kwa mtu mrefu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa katika kiti chenu umbali kati ya kikalio na mito ya magoti hauwezi kubadilishwa: paja langu ni refu kuliko nafasi iliyoachwa, hivyo magoti hupita ukingo wa mto, na uzito uliopaswa kutulia kwenye muundi huangukia kwenye pia ya goti yenyewe. Mtu aliyesoma neno "kupasuliwa" katika barua yangu alipaswa kusita hapo hapo.

Kisha kuna meza, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo ninapoona uzembe mkubwa zaidi. Mtu akifungua pembe ya nyonga, anapanda juu. Nilipima kwa futi ya kamba: kiti chenu, kikiwa kimeshushwa hadi mwisho, kinaniweka sentimita 9 juu ya nilipokuwa nikikaa zamani. Viwiko vyangu, ambavyo awali vilikuwa sawa na uso wa meza, sasa vinaelea juu yake, na ili vidole vifike kwenye kibodi na macho yasome karatasi, inanibidi niinamishe mabega na shingo. Kwa maneno mengine, kiuno kimenyooshwa ili shingo ipinde. Daktari wa upasuaji A. C. Mandal wa Denmaki, aliyetetea kwa miaka mingi viti vilivyoinama mbele kwa ajili ya wanafunzi, hakuishia kwenye kiti. Alitaka na meza ziinuliwe na uso wake uelekezwe kwa msomaji. Anayeuza nusu ya ushauri huo, huku akiwa amekwisha kuambiwa kwamba meza ya mteja ni ya sentimita 74 na haipandi, hawezi baadaye kusema kwamba ni suala la kupenda au kutopenda. Kwa hesabu hiyo hiyo, hata kiti cha tandiko, ambacho madaktari wengi wa meno hukitumia na ambacho kingeliacha goti langu huru, kisingenifaa kwa meza hii. Nacho humpandisha mtu. Stuli ya kuegemea ndiyo kabisa, inahitaji meza ya kusimamia. Jibu la kweli kwa swali langu lilikuwa "hakuna, mpaka kwanza uinue meza", au pengine kiti cha kawaida ambacho kikalio chake kinaweza kuinamishwa mbele kidogo huku egemeo likibaki nyuma.

Jambo la mwisho nililigundua kwa bahati. Nilipokipindua kiti kukaza bolti iliyokuwa ikilia, nilikuta chini ya kikalio kibandiko kidogo chenye maandishi yasemayo kwamba uzito wa mtumiaji usizidi kilo 90. Kikomo hicho hakimo katika maelezo mliyonitumia, hakimo katika karatasi ya kuunga kiti, na mshauri wenu hakukitaja kwa mtu aliyemwandikia waziwazi kwamba ana kilo 97. Mnaweza kubishana nami kuhusu pembe za nyonga, lakini hili ni suala la usalama, na sioni linavyoweza kuitwa hiari ya mteja.

Katika jibu lenu la pili mlinipa nafasi ya kukibadilisha kiti kwa mpira wa mazoezi bila malipo ya ziada. Nashukuru, lakini siupokei. Mpira niliwahi kuutumia wiki kadhaa kabla ya kuwaandikia, na niliwaeleza hivyo. Unafaa kwa nusu saa ya kujinyoosha. Kwa siku nzima hauna mahali pa kupumzishia mgongo, na kila ilipofika saa nane mchana misuli ilikuwa imechoka, nami nimejikunja juu yake kuliko nilivyowahi kujikunja kitini. Isitoshe, nikiukalia hubonyea, na ukibonyea mimi hushuka chini mno kwa meza ile ile. Nayo pendekezo ya kunipa hati ya kununulia bidhaa nyingine dukani kwenu siwezi kuikubali, maana hiyo itanirudisha kwa mshauri yule yule.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mkichukue kiti kwa gharama yenu na kunirudishia fedha zote nilizolipa, pamoja na nauli ya kukisafirisha, katika muda wa siku 14 tangu mpokee barua hii. Muweke kikomo cha uzito na kimo katika maelezo ya bidhaa, mahali ambapo mnunuzi atayaona kabla ya kulipa na si baada ya kukipindua kiti. Na maneno ya kwamba kinamfaa kila mtu kwa siku nzima yaondolewe, au yaambatane na tahadhari ya wazi kwa wenye matatizo ya magoti na kwa wenye meza zisizopanda. Mwenye goti zima, meza inayoinuka, na nafasi ya kubadilishana viti viwili ndani ya siku anaweza kukifurahia sana, na sitaki barua yangu imzuie kukinunua.

Nimeambatisha nakala ya risiti, barua pepe niliyowaandikia pamoja na jibu la mshauri wenu, picha ya kibandiko cha uzito, na picha ya miundi yangu iliyopigwa siku ya tatu. Ikiwa siku hizo 14 zitapita bila jibu, nitapeleka nakala ya barua hii na viambatisho vyake kwa mamlaka inayoshughulikia haki za walaji.

Kiti nimekwisha kukifungua na kukirudisha katika boksi lake, pamoja na spana yake ndogo na bolti zote nane. Kiko karibu na mlango, na mnaweza kukifuata siku yoyote ya kazi baada ya saa tatu asubuhi.

Wenu,
Mteja