Mtani, gari sasa inakaa sailensi

Tabora,
Jumapili asubuhi

Mtani wangu,

Salamu kutoka Unyamwezini. Sisi wazima, maembe yameanza kudondoka yenyewe, na mama anauliza ni lini Mzaramo wake atakuja kulipa madeni ya utani. Najua unasubiri habari moja tu, basi chukua: ile Corolla inawaka, inakaa sailensi, yaani inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, na haizimi tena nikisimama njiapanda.

Ilinichukua wiki tatu. Mbili kati ya hizo nilizipoteza kwa kiburi.

Kontroli boksi ya zamani, ile kompyuta inayoendesha injini, niliiua mwenyewe, unajua, kwa kukatiza ule mtaro uliofurika. Uliponitumia bodi ya Speeduino ya kushika nafasi yake, kwa basi, mafundi wa hapa chini ya mwembe walicheka. Hawakuamini kwamba ubongo wa gari utakuwa Arduino Mega 2560, kitu ambacho wanafunzi wanakitumia kuwashia vitaa. Nikawaambia aliyeanzisha mradi wa Speeduino ni Josh Stewart wa Australia na michoro yote iko wazi, anayetaka aje asome. Hakuja mtu. Walikuja siku ilipowaka.

Nianze na pampu, maana hapo nilifanya upumbavu ambao nisingependa uurudie. Kwa haraka ya kutaka kusikia mlio, nilichukua umeme wa swichi nikaupeleka moja kwa moja kwenye pampu ya tanki. Ikawaka, nikashangilia. Jioni gari ikazima yenyewe, swichi bado iko oni, nikasikia pampu nyuma inaendelea kunguruma tu. Mwili ukanisisimka. Siku nikigonga ng'ombe barabara ya Nzega na bomba likakatika, injini itazima, lakini pampu itaendelea kumwagia petroli ekzosi ya moto, na mimi nimo ndani.

Nikang'oa yote. Sasa kuna rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo, yenye miguu minne ya namba: 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda pampu, 86 inapata umeme wa swichi, na 85 inaingia kwenye bodi, ambayo ndiyo inayoipa ethi, yaani hasi. Nikifungua swichi, rilei inalia "ka!", pampu inajaza presha kwa sekunde 3 nilizoiwekea, kisha inanyamaza. Bodi ikiona injini inazunguka, pampu inarudi. Injini ikisimama, pampu nayo inakata, hata kama swichi iko oni. Rilei yangu haina dayodi ndani, ile ya kuzuia umeme wa koili usirudi kuunguza bodi, nikafunga moja juu ya koili, mstari wake upande wa chanya. Ukigeuza, ole wako.

Halafu nikapima umeme kwenye pampu yenyewe. Betri inasoma volti 13.9, pampu inasoma 11.2! Waya wa miaka yote hiyo umeoza ndani ya ganda. Nikavuta mpya, mnene, na ethi mpya kwenye chuma cha gari.

Sasa sailensi, mtani. Hii ndiyo iliyonitesa. Mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unapanda 1,500, unashuka 600, unapanda tena, kama mzee anayekoroma. Nami kwa ujuaji wangu nilikuwa nimeshaweka ile hali ya kompyuta kujirekebisha yenyewe, ile yenye namba tatu za PID zinazoamua isahihishe kwa nguvu kiasi gani. Basi nikakesha na laptopu: ongeza P, punguza I, gusa D, sevu, washa. Kila nikipata namba nzuri usiku, asubuhi gari inazikataa.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima ambaye hajawahi kushika laptopu. Alikata kipande cha hozi, akatia ncha moja sikioni, nyingine akawa anaitembeza juu ya injini kama daktari. Akasimama kwenye hozi ya hydrovaki ya breki, ile inayofyonzwa na injini ili kulainisha pedeli. "Hapa panafyonza." Ufa mdogo, chini, usiouona kwa macho. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango ambao vali ya sailensi, ile inayoipimia injini hewa, haina funguo yake. Kompyuta inafunga vali, mizunguko haishuki, inafunga zaidi, mara injini inakabwa, inafungua kwa pupa. Ningeandika PID ya malaika, isingesaidia.

Baada ya hapo nilirudi mwanzo. PID nikaizima. Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa moto, nikaifunga digrii 10 nikahakiki kwa taa ya taimingi. Nikaweka asilimia za vali kwa mkono kulingana na joto la maji: injini ikiwa baridi mizunguko 1,200, ikichemka 800. Vyumba vya jedwali la mafuta, yaani namba zinazoiambia kompyuta imwage petroli kiasi gani, vinavyozunguka sailensi nikavilainisha vifanane, maana vilikuwa na mabonde, na kila mshale ukiyumba unatumbukia chumba kingine chenye mafuta tofauti. Kisha nikairuhusu taimingi isaidie kidogo: mizunguko ikishuka chini ya 800, iongeze digrii tatu. Moto wa plagi unajibu haraka kuliko hewa. Mwisho kabisa ndipo nikairudisha PID, ndogo mno, na kazi yake imebaki haba.

Ikabaki moja: feni ya rejeta ikiwaka, gari inataka kuzima. Nikailaumu vali bure. Kumbe volti zilikuwa zinashuka hadi 12.6. Kwenye sailensi nozeli, ile inayonyunyiza petroli, inafunguka milisekunde mbili na kitu tu, na karibu moja nzima inaishia kwenye kuinua sindano, haijamwaga tone. Umeme ukipungua sindano inachelewa zaidi, mafuta yanapungua, na kompyuta inaamini imetoa kile kile. Nikajaza jedwali la kufidia volti. Feni sasa ikiwaka, mshale unatikisika kidogo tu.

Halafu usishangae ukija na laptopu yako. Huko Dar ukifungua swichi kabla ya kuwasha, sensa ya presha ya hewa inasoma kama kilopaskali 101. Hapa inasoma 88. Nusura niitupe nikidhani imekufa, hadi nilipokumbuka tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, mtani, si kama hiyo yenu ya kukata kwa kisu.

Jana niliipeleka hadi bwawa la Igombe na kurudi. Nilisimama kila penye kivuli ili nisikilize tu.

Ukipita Gerezani nitafutie rilei mbili zenye dayodi ndani na mita mbili za hozi ya vakyumu, ile nzito, si ya kufungia ndoo. Niambie bei. Lita tano za asali ya Sikonge zinakusubiri, nitazikabidhi kwa kondakta yule yule aliyeileta bodi.

Wabeja,
Mnyamwezi wako