Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa mapromota wa speedway Uingereza: msiguse kiingilio kabla hamjagusa injini

Mheshimiwa Mwenyekiti,
British Speedway Promoters Limited

Salaam. Nakuandikia nikiwa shabiki wa kawaida, yule anayepanga foleni mlangoni na kulipa. Nakala ya Kiingereza imeshatumwa ofisini kwenu. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu wapo Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wanaoishi katika miji ya katikati mwa Uingereza, na baadhi yetu tumeupenda mchezo huu kiasi cha kutaka watoto wetu waukulie. Ombi langu ni moja: msipandishe kiingilio tena mpaka mtakapoweka kikomo cha gharama za injini.

Wenzangu ambao hawajawahi kufika uwanjani wanivumilie kidogo. Speedway ni mbio za pikipiki kwenye njia ya duara iliyomwagwa mawe yaliyosagwa. Waendeshaji wanne hujipanga nyuma ya kamba, kamba huruka juu, nao hulizunguka duara mara nne wakikata kushoto tu. Pikipiki ina injini ya cc 500, inatumia methanoli, na haina breki. Kwenye kona mwendeshaji huiachia tairi ya nyuma iteleze kwa makusudi, huku mguu wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma, ukikwaruza chini. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne anatoka mikono mitupu. Mbio moja huchukua kama dakika moja, na mechi ya ligi ina mbio 15. Ukisimama karibu na uzio wa kona unarushiwa changarawe usoni, na nguo zako zinarudi nyumbani zikinuka mafuta ya nyonyo. Ni mchezo mtamu sana. Ndiyo maana naandika.

Sasa tuje kwenye pesa. Katika viwanja vingi mtu mzima analipa pauni 20 au zaidi. Baba na mama ni pauni 40 kabla hata hawajanunua programu, kile kijitabu cha mechi, na bila programu ya kujaza pointi kwa kalamu nusu ya utamu haipo. Ongeza maegesho au nauli ya basi, ongeza chipsi za watoto, na familia inayoishi kwa mishahara ya saa inalazimika kuchagua kati ya mechi moja na manunuzi ya chakula ya siku kadhaa. Na speedway si mchezo wa mara moja kwa mwaka. Msimu unaanza Machi hadi Oktoba, na timu inahitaji watu wanaorudi kila wiki ya mechi ya nyumbani. Anayekuja mara moja kwa udadisi hawezi kuliendesha jahazi hili.

Najua mapromota hawaogelei kwenye pesa, na sitaki kumwonea mtu. Kati ya pauni 20 ninazotoa mlangoni, serikali inachukua pauni 3 na senti 33 za kodi ya ongezeko la thamani kabla promota hajashika hata senti. Klabu nyingi ni wapangaji kwenye viwanja vya watu wengine, mara nyingi vile vya mbio za mbwa. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa, na mwezi huohuo mchango wa mwajiri kwenye bima ya taifa ukapanda hadi asilimia 15. Umeme wa taa za uwanja nao haujashuka. Halafu kuna mvua: mnaajiri walinzi, mnaita madaktari, watu wanapika chakula, na saa moja kabla ya mbio mawingu yanafunguka na refa anaahirisha kila kitu.

Gharama za tiba zisiguswe kabisa. Kila shabiki amewahi kuona gari la wagonjwa likitoka na majeruhi kwenda hospitali na mechi ikasimama hadi huduma ile ipatikane tena. Tunasubiri kwenye baridi na hakuna anayenung'unika. Uzio wa hewa kwenye kona, ule mto unaompokea anayeanguka, nao ni wa lazima, pikipiki hizi hazina breki. Kama kuna pauni ninayoitoa kwa moyo mweupe, ni ile inayolipia vitu hivyo viwili.

Pauni inayonisumbua ni ile inayoingia kwenye injini.

Mwendeshaji wa speedway hapewi pikipiki na klabu. Ananunua mwenyewe, na moja haimtoshi. Anahitaji angalau mbili, maana ya kwanza ikizimika kwenye mbio ya tatu lazima awe na ya pili tayari. Ana gari la kuzibebea, ana fundi wa kumlipa, ana matairi. Injini inafunguliwa na kufungwa upya na fundi maalumu baada ya idadi fulani ya mbio, na kazi hiyo si ya bei ya chee. Malipo ya mwendeshaji yanategemea zaidi pointi, kwa hiyo kijana anayeanguka kwenye mbio yake ya kwanza anaweza kurudi nyumbani na mfuko mwepesi na fremu iliyopinda. Gharama hizo zikipanda, anadai zaidi kwa kila pointi. Klabu ikilipa zaidi kwa kila pointi, inaelekeza macho mlangoni. Na mlangoni tupo sisi.

Jambo hili lina historia, nawe unaijua kuliko mimi. Mpaka katikati ya miaka ya 1970 mtu angeweza kushindana vizuri na injini ya Jawa yenye vali mbili. Ikaja Weslake ya Uingereza yenye vali nne, Peter Collins akatwaa ubingwa wa dunia wa 1976 akiwa juu yake, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kubaki na vali mbili akategemea kushinda. Wote wakanunua upya. Miaka ya 1990 zikaingia injini za kulazwa badala ya kusimama wima, wote wakanunua tena. Kila mara mshindi wa muda mfupi alikuwa yule aliyetangulia kununua, na baada ya misimu miwili mitatu wote wakawa sawa tena, wanne kwenye kamba, isipokuwa sasa kila mmoja ametumia pesa nyingi zaidi kufika palepale. Mimi niliyesimama kwenye kona siwezi kuona kama pikipiki imepungua sehemu ndogo ya sekunde kwenye mzunguko. Ninachoona ni wawili wakigombea njia ya nje bega kwa bega hadi mstari wa mwisho. Raha hiyo haitoki kwa fundi wa injini. Inatoka kwenye njia iliyotengenezwa vizuri na waendeshaji waliokaribiana uwezo.

Utaniambia Poland. Ni kweli, ligi ya Poland ina televisheni inayolipa, wadhamini wakubwa na miji inayosaidia klabu zake, na waendeshaji bora hufuata pesa huko. Mwaka 2025 Waingereza Dan Bewley na Robert Lambert waliendesha huko, wa kwanza na Wrocław, wa pili na Toruń, na hakuna wa kuwalaumu. Anayeendesha huko lazima awe na injini ya huko, na akija hapa Jumatatu au Alhamisi anakuja na mkokoteni uleule wa gharama. Lakini hapo hasa ndipo hoja yangu inaposimama. Uingereza haiwezi kushindana na Poland kwa matumizi, kwa hiyo isiendelee kuwatoza mashabiki wake kana kwamba inaweza. Ligi ya Championship, yaani daraja la pili, na ile ya vijana chini yake zina waendeshaji wengi wasio na mkataba wowote Poland. Anzeni na hao. Injini ya aina moja iliyofungwa kwa lakiri, idadi maalumu ya injini kwa msimu, na bei ya juu kabisa ya matengenezo inayokubaliwa na mafundi wenyewe. Mkiona imefanya kazi, ipandisheni hadi Premiership, ligi ya juu.

Kinachonitia hofu ni kwamba muda hauko upande wetu. Klabu ya Coventry ilishindana kwenye uwanja wa Brandon tangu 1928, na msimu wake wa mwisho pale ulikuwa 2016. Swindon walianza kwenye uwanja wa Blunsdon mwaka 1949 wakaishia 2019. Mwaka 2023 tulipoteza viwili kwa mpigo: Monmore Green ya Wolverhampton, iliyoona speedway kwa mara ya kwanza 1928, na Peterborough. Wolverhampton ni klabu aliyowahi kuiendeshea Tai Woffinden, bingwa wa dunia mara tatu. Wengi wa hawa waliangushwa na wenye ardhi na wajenzi wa nyumba, si kiingilio; nalijua hilo. Ila mwenye ardhi anapoketi na halmashauri kujadili uwanja, swali la kwanza ni watu wangapi wanautumia. Majukwaa yakiwa nusu tupu, jibu linajulikana kabla ya kikao. Kila shabiki aliyefukuzwa na bei ni hoja moja zaidi mikononi mwa mjenzi.

Fainali ya dunia ya 1981 pale Wembley ilitazamwa na zaidi ya watu 90,000. Sisemi turudi huko. Hata Grand Prix ya speedway ya Uingereza, iliyokuwa Cardiff chini ya paa tangu 2001, mwaka 2025 ilihamia Manchester kwenye uwanja unaoingiza watu elfu chache. Na bado vipaji tunavyo: Uingereza ilitwaa Speedway of Nations, mashindano ya dunia ya timu za taifa, pale Manchester mwaka 2021, ikaitwaa tena hapohapo 2024. Nchi yenye vipaji kama hivyo haipaswi kuwa na mashabiki wanaohesabu sarafu kabla ya kuamua kama waende.

Kuna mzee mmoja mstaafu ninayesimama naye. Ndiye aliyenifundisha kujaza programu: kofia nyekundu na buluu ni wa nyumbani, nyeupe na njano ni wageni, na ukikosa kuandika mbio ya nne usiku wako wote umeharibika. Ana kalamu nne za rangi alizozifunga kwa mpira ili zisipotee. Msimu uliopita alianza kuruka mechi. Nilipomuuliza alisema anachagua timu za wageni, zile asizozipenda sana anaziacha. Mtu aliyeshika programu tangu ujana wake sasa anachagua. Punguzo la wazee lipo, lakini limepanda pamoja na bei nyingine zote, na pensheni yake haikupanda kwa mwendo huo. Siku asipokuja, kona yetu nzima inauliza matokeo na hakuna mwenye hesabu kamili.

Kwetu Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, Simba na Yanga zikikutana wenye pesa wanakaa VIP na kulipa bei ya VIP, na mwenye shilingi chache anakaa mzunguko. Mzunguko ndio unaoimba, ndio unaofanya yule wa VIP aone thamani ya kiti chake. Katika viwanja vingi vya speedway hapa mtu aliyesimama kwenye kona akipigwa na changarawe na upepo analipa sawasawa au karibu sawa na aliyeketi chini ya paa usawa wa mstari wa kuanzia. Tenganisheni bei hizo. Kona ziwe rahisi, jukwaa kuu liwe ghali kidogo, na wadhamini wa biashara wapewe huduma wanayoweza kuilipia.

Watoto pia. Vipo viwanja vinavyowaingiza bure au kwa pauni chache, na navishukuru, lakini kila klabu ina umri wake na bei yake, na mzazi mgeni hawezi kujua mpaka afike mlangoni. Ofisi yako ina uwezo wa kusema kwamba katika ligi zote mtoto wa shule akiwa na mtu mzima haingii kwa pesa. Hasara yake ni ndogo, kwani viti vingi viko wazi hata sasa. Na mtoto aliyesimama kwenye uzio akiwa na miaka minane ndiye atakayenunua tiketi ya msimu mwaka 2040.

La mwisho ni uwazi. Tunapoambiwa bei imepanda kwa sababu "gharama zimepanda", tunaamini nusu. Chapisheni, hata kwa ukurasa mmoja, wastani wa mgawanyo wa tiketi katika ligi: kodi ya serikali ngapi, pango la uwanja ngapi, tiba na bima ngapi, malipo ya waendeshaji ngapi. Msitaje klabu wala jina la mtu. Shabiki akiona kwamba pauni fulani inakwenda kwa daktari, atailipa. Akiona sehemu kubwa inakwenda kwenye mashindano ya injini ambayo hayaoni kwa macho, atakuwa upande wako siku utakapowakabili wanaopinga kikomo, na najua watakuwepo, wakiwemo waendeshaji wazuri na mafundi wanaoheshimika.

Mapromota mna desturi ya kukutana Novemba kupanga msimu unaofuata. Naomba kikomo cha injini kiwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, na kiwe mbele ya suala la kiingilio, lisije likapitishwa la bei kwanza na lile jingine likaahirishwa mwaka mwingine. Naomba pia tujibiwe kabla tiketi za msimu hazijaanza kuuzwa, ili tujue tunanunua nini.

Wako,
Shabiki wa kona ya tatu