Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mbegu za ng'ombe zina mtungi, damu ya kitovu haina

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: GHALA LA UMMA LA KUGANDISHA SELI SHINA

Mheshimiwa, pole na majukumu. Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe huku Arumeru, yaani nawapandikiza mbegu za dume. Nikipigiwa simu kwamba ng'ombe yuko kwenye joto, nafunga mtungi wa naitrojeni kimiminika nyuma ya pikipiki na kuondoka. Ndani kuna mirija ya mbegu kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River. Dume anaweza kuwa ameshakufa miaka mingi na ndama wake bado wanazaliwa, kwa sababu kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri seli haizeeki. Imesimama tu, inasubiri kuyeyushwa.

Mimi pia ni baba wa mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mdogo wake alipozaliwa, nilimuuliza nesi kama damu iliyobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma inaweza kuhifadhiwa. Akadhani nataka kondo kwa ajili ya mila, akanifungia vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Simlaumu. Nililizika chini ya mgomba kama wazee walivyofanya, na mtungi wangu ukiwa umejaa naitrojeni mita chache kutoka hapo.

Damu ile ina seli shina zinazoweza kujenga upya uloto wa mtu mwingine, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Mwaka 1988, Paris, Profesa Eliane Gluckman alimpandikizia mtoto mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha uloto, damu ya kitovu cha mdogo wake, iliyokuwa imegandishwa Marekani na kuvushwa bahari. Kwetu, Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo hapo Dodoma ulipo, ikaanza kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kwa hiyo siombi jambo la kuanzia sifuri. Mikono ya kupandikiza tunayo. Ninachokulilia ni ghala.

Wataalamu wako watakwambia mdogo mtu yupo hai, akikua uloto utachukuliwa kwake. Ni kweli. Watakwambia pia kwamba ndugu wa baba na mama mmoja wanaolingana kiasi cha kupandikizana ni mmoja kati ya wanne, na ukiwaondoa wanaozaliwa na selimundu wenyewe, zinabaki nafasi kama 3 kati ya 16. Na damu ya kitovu kimoja ni kidogo, inamfaa mtoto mdogo kuliko kijana. Yote nayakubali. Lakini kumsubiri mtoto mchanga afikishe kilo za kutolewa uloto ni miaka, na kiharusi, kinachowavizia watoto wenye selimundu, hakina subira hiyo. Damu ya kitovu haimchomi mtu sindano, haihitaji usingizi wa daktari, na kama haikuchukuliwa dakika zile chache za kujifungua, imepotea moja kwa moja.

Wapo na watu wazima wanaohitaji ghala hili. Mgonjwa wa saratani ya mailoma huchukuliwa seli shina zake, akapewa dawa kali inayoua saratani pamoja na uloto, kisha akarudishiwa. Dawa hiyo hutoka mwilini upesi, ndiyo maana seli zinaweza kukaa siku chache kwenye friji ya kawaida. Saratani ya limfoma ina matibabu yanayochukua karibu wiki nzima, na hapo friji haitoshi. Seli zinadhoofika huku mgonjwa bado yuko kwenye dripu.

Elimu yenyewe ya kugandisha seli, Mheshimiwa, ilianzia bandani. Kinachoua seli hasa ni barafu inayojijenga ndani yake na kuichana kama vigae vya chupa. Mwaka 1949 watafiti wa London, Polge, Smith na Parkes, waligundua kwamba gliseroli inazikinga mbegu za jogoo zisife zikigandishwa. Kwa seli shina hutumika zaidi dimethili salfoksidi: unapoza polepole, kama nyuzi 1 kwa dakika, ndipo unaziingiza kwenye naitrojeni. Kuyeyusha ni kinyume chake, haraka, kwenye maji ya nyuzi 37. Mhimilishaji yeyote anayeifanya kazi yake sawasawa ataelewa somo hili kabla chai haijapoa.

Kuna jambo lingine linaloninyima usingizi. Mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba inayorekebisha seli za mgonjwa mwenyewe wa selimundu. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, sijidanganyi. Ila tuseme bei imeshuka. Seli hizo hutoka kiwandani zikiwa zimegandishwa, na hospitali inatakiwa kuzitunza kwenye baridi ya nyuzi 135 chini ya sifuri au zaidi. Zikitua Kilimanjaro, nani atazipokea? Mimi na pikipiki yangu?

Naomba basi ukae na mwenzako wa Mifugo mzungumzie naitrojeni, maana wenzetu wa upande ule wameizoea. Matangi yawe tofauti, tafadhali. Uingereza miaka ya 1990 virusi vya homa ya ini B vilihama kutoka mfuko mmoja kwenda mingine ndani ya tangi moja, na hizo zilikuwa seli za binadamu tu, bila za mifugo. Ghala likae kwenye hospitali inayopandikiza tayari, lianze na wadogo wa watoto wenye selimundu, mama atie sahihi mwenyewe, na damu isiuzwe. Na aajiriwe mtu wa usiku. Mwezi Machi 2018, Cleveland, Marekani, joto lilipanda ndani ya tangi wikendi wakati kengele ya kutoa taarifa imezimwa, na mayai ya uzazi na viinitete zaidi ya 4,000 vikaharibika. Mimi naitrojeni iliyobaki mtunginí naipima kwa kijiti, na siku nikisahau hasara ni ya mfugaji mmoja.

Wiki iliyopita, kwenye kliniki ya selimundu ninayompeleka mwanangu, nilihesabu kina mama wajawazito wanne kwenye benchi letu.

Naomba kuwasilisha.

Mhimilishaji, Arumeru