Utafiti umekwisha, mtoto amebaki na nini?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo tumelinyamazia kwa muda mrefu.

Mwaka jana mwanafunzi wa shahada ya uzamivu alifika katika kitengo cha elimu maalumu anakosoma mwanangu, akiwa na kishikwambi chenye picha ambazo mtoto akizigusa, mashine humsemea. Mwanangu ana miaka 11, haongei, na kwa kuwa mkono wake hutetemeka, hugusa kwa kifundo cha kidole. Siku ya kwanza aligusa picha tatu, kama programu ilivyotaka, na mashine ikatamka: "Mimi taka maji." Wenzake wakaangua kicheko. Akafumba macho, na hakugusa tena siku hiyo.

Kosa halikuwa lake. Programu ile iliundwa kwa Kiingereza, kisha maneno yakafasiriwa moja moja, ilhali kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na hata ukanushi ndani ya neno moja. Hata huduma ya kubashiri neno kwa herufi za mwanzo hutufaa kidogo tu, kwa sababu "nitakula" na "nitalala" huanza vilevile. Bahati nzuri mtafiti alikuwa msikivu. Aliketi na walimu wakaweka vitufe vya "nataka", "sitaki", "nimeshiba" na vinginevyo. Tangu hapo "sitaki" likawa ndilo neno la mwanangu, hasa uji ukiletwa. Miaka yote hiyo nilikuwa namnywesha uji nikidhani anaupenda.

Baada ya miezi michache utafiti ulikwisha, na kishikwambi kikarudishwa chuoni kwa kuwa kilikuwa mali ya mradi. Mwanangu amerudia kukataa uji kwa kugeuza uso.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 4 inazitaka nchi wanachama ziendeleze utafiti wa teknolojia kama hizi na pia zihimize upatikanaji wake, zikitanguliza zile za gharama nafuu. Kwa hiyo naviomba vyuo vikuu, kabla ya kumpa mtafiti kibali, vimuulize mtoto atabaki na nini siku ya mwisho. Na kama bajeti hairuhusu kuacha kifaa, basi picha zile zenye maneno ya Kiswahili zichapwe kwenye karatasi ngumu, zibaki darasani.

Mzazi,
Morogoro